Lenzi tatu za mjomba na kamera moja ya kisasa: jibu kwa mpigapicha wa Tanga

Msomaji mmoja wa Tanga, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, ameniandikia hivi: "Marehemu mjomba wangu alikuwa na studio enzi za filamu, na familia imenikabidhi lenzi zake tatu: Nikkor ya milimita 50 yenye f/1.4, Helios 44-2, na Canon FD ya milimita 50 yenye f/1.8. Mimi natumia Canon EOS 700D. Nilitarajia ile ya Canon ndiyo itakayoingia, lakini haikai kabisa. Fundi mmoja ameniambia zote ni chuma chakavu, niziuze kwa bei yoyote. Je, naweza kuzitumia? Ninunue adapta gani? Na picha zake zitafaa kwa kazi ya kulipwa?"

Usiziuze, dada yangu, angalau si kwa sababu aliyokupa huyo fundi. Mbili kati ya lenzi hizo, yaani Nikkor (jina la lenzi za Nikon) na Helios, zitafanya kazi kwenye 700D yako kwa pete nyepesi ya chuma isiyo na kioo ndani, na zitatoa picha kali kuanzia karibu hadi upeo wa macho. Ya tatu, ambayo ni hiyo Canon, ndiyo yenye matatizo, ingawa hata yenyewe ina kazi moja ambayo wewe, kwa kuwa unapiga picha za harusi, utaipenda. Jambo linaloonekana kama kichekesho, kwamba lenzi ya Nikon inakubali kamera ya Canon huku ya Canon ikikataa, lina sababu yake, na ukiielewa hutahitaji tena kumuuliza mtu kama lenzi fulani ya zamani itaingia kwenye kamera fulani.

Sababu yenyewe ni umbali. Lenzi ya kubadilisha hutengenezwa ikitarajia kukaa umbali maalumu kutoka kwenye filamu, au sensa inayopokea picha kwenye kamera ya kidijitali, na umbali huo hupimwa kutoka kwenye pete ya chuma iliyo mdomoni mwa kamera hadi kwenye uso wa sensa. Kila kampuni ilichagua kipimo chake. Kwa lenzi za Nikon za mfumo wa F ni milimita 46.5, kwa lenzi za skurubu za M42, kama Helios yako, ni milimita 45.46, kwa kamera za Canon EOS zenye kioo cha kuakisi, ikiwemo 700D, ni milimita 44, na kwa mfumo wa zamani wa Canon FD ni milimita 42. Sasa fanya hesabu ya kutoa. Nikkor inataka kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, kamera yako inaanza kwenye 44, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 2.5, na nafasi hiyo ndiyo unene wa adapta. Helios inabakiza milimita moja na nusu hivi, ambayo ni nyembamba lakini inatosha kwa pete ya skurubu. FD, kinyume chake, inataka kukaa milimita 42 kutoka kwenye sensa ilhali mdomo wa kamera yako uko kwenye 44. Ingebidi iingie milimita mbili ndani ya mwili wa kamera, na hakuna adapta yenye unene wa chini ya sifuri.

Canon waliuacha mfumo wa FD mwaka 1987 walipoleta EOS pamoja na mdomo mpya wa EF, mpana zaidi na unaowasiliana na lenzi kwa umeme badala ya vyuma vinavyosukumana, kwa ajili ya fokasi ya kujiendesha. Uamuzi huo uliwaumiza wapigapicha waliokuwa wamejaza masanduku kwa lenzi za FD, na huenda mjomba wako alikuwa mmoja wao. Nikon walifuata njia nyingine: mdomo wa F waliouanzisha mwaka 1959 waliendelea nao hadi kwenye kamera zao za kidijitali zenye kioo cha kuakisi, wakiubadilisha kidogo kidogo kwa ndani.

Hizo milimita mbili za FD si jambo dogo. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita mbili tu zaidi ya mahali pake, kitu cha mbali zaidi inachoweza kukionyesha kwa ukali kinakuwa mita 1.3 hivi kutoka kwenye lenzi, na hiyo ni kwa adapta ya kufikirika isiyo na unene wowote. Adapta halisi ina unene, kwa hiyo mpaka huo unasogea karibu zaidi, pengine nusu mita au chini yake. Ukimsimamisha bibi harusi mita tatu mbele yako hutapata chochote isipokuwa ukungu. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana adapta nyingi za FD kwenda EOS huja na kioo kidogo ndani kinachorudisha uwezo wa kuona mbali. Kioo hicho kinakuza picha kidogo, kinapunguza mwanga, na kwa adapta za bei ndogo kinaharibu ukali, hasa lenzi ikiwa imefunguliwa wazi. Lenzi nzuri iliyowekewa kioo duni nyuma yake inatoa picha duni, na sioni faida ya kutumia lenzi ya mjomba kwa namna hiyo. Fuata ushauri huu: chagua adapta ya FD ambayo kioo chake kinafunguliwa na kuondolewa, kisha kiondoe.

Hapo ndipo inapopatikana kazi niliyokuahidi. Bila kioo, FD yako itakuwa lenzi ya vitu vya karibu. Hina kwenye viganja vya bibi harusi, pete, shanga, tarizi ya kofia ya bwana harusi, mshono wa dhahabu kwenye ukingo wa mtandio, vyote hivyo hupigwa kwa umbali ambao FD hiyo inauweza vizuri. Funga upenyo, yaani tundu la mwanga ndani ya lenzi, hadi f/8 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), weka mkono wa bibi harusi karibu na dirisha, na ubadilishe ukali kwa kusogea wewe mwenyewe mbele na nyuma kidogo badala ya kuzungusha pete. Hakikisha tu adapta hiyo ina pete ya kuendesha wenzo wa upenyo wa FD, la sivyo upenyo utabaki wazi muda wote hata ukizungusha namba.

Kwa zile mbili nyingine, unahitaji pete inayouzwa kwa jina la Nikon F kwenda Canon EF, na nyingine ya M42 kwenda Canon EF. Zingatia mwelekeo wa jina, kwa sababu adapta ya kupeleka lenzi za Canon kwenye kamera ya Nikon ni kitu kingine kabisa na haitakufaa. Helios 44-2 haina pini ya kusukuma upenyo, kwa hiyo pete yoyote ya M42 iliyochongwa vizuri inatosha. Adapta zenye chipu hudanganya kamera iamini kwamba kuna lenzi ya kisasa, ili ilie inapoona ukali umepatikana. Zinasaidia kiasi, ila usiziamini kupita macho yako.

Niseme neno moja kwa wasomaji wengine wenye kamera za Nikon, maana nao huniuliza. Nikkor zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1977, zinazotambulika mara nyingi kwa masikio mawili ya chuma yasiyo na matundu juu ya pete ya upenyo, zinaweza kuvunja kijiti kidogo kilicho pembeni mwa mdomo wa kamera nyingi za Nikon. Kijiti hicho hakipo kwenye Canon, kwa hiyo wewe huna hofu hiyo, hata kama Nikkor ya mjomba ni ya zamani kiasi hicho.

Sasa nije kwenye fokasi, ambayo ndiyo itakayoamua kama utazitumia lenzi hizi au utazirudisha kabatini. Mjomba wako alifokasi kwa mkono maisha yake yote na pengine hakuona taabu, lakini kamera zake zilimsaidia kwa namna ambayo yako haikusaidii. Kamera za filamu za miaka ya sabini na themanini, kama Canon AE-1 au Nikon FM2, zilikuwa na duara dogo katikati ya kitazamio lililoikata picha vipande viwili. Ukali ulipopatikana, vipande viliungana, na jicho halikuwa na shaka. Kitazamio cha 700D ni kidogo, hakina duara hilo, na skrini yake imetengenezwa kwa ajili ya lenzi zenye upenyo mdogo, kiasi kwamba haikuonyeshi kwa kweli jinsi eneo lenye ukali lilivyo jembamba kwenye f/1.4. Utaona picha kali kitazamioni, kisha nyumbani kwenye kompyuta utakuta pua ndiyo kali na macho yamepotea.

Kwa hiyo kiache kitazamio, utumie skrini ya nyuma. Washa hali ya kutazama kwa skrini, sogeza kile kisanduku cheupe hadi juu ya jicho la mtu lililo karibu nawe, kisha bonyeza kitufe cha kioo cha kukuzia: mara ya kwanza picha inakuzwa mara 5, mara ya pili mara 10. Zungusha pete ya fokasi taratibu hadi kope zionekane moja moja, pitiliza kidogo hadi zianze kufifia, kisha rudi. Huko kupitiliza na kurudi ni muhimu, kwa kuwa jicho hutambua kilele cha ukali kwa kukivuka, si kwa kukikaribia. Lenzi hizi zina mzunguko mrefu wa pete, tofauti na lenzi za kisasa ambazo pete yake ikiguswa tu ukali unaruka, na hapo ndipo utaona zilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu.

Ujue pia unashindana na vipimo gani. Kwa milimita 50 na f/1.4 kwenye sensa ya kamera yako, mtu akiwa mita mbili mbele yako, eneo lenye ukali lina kina cha sentimita 8 au 9 tu. Akisogea hadi mita moja na nusu, kinabaki sentimita 5 hivi, kiasi kwamba jicho likiwa kali, sikio limekwisha kupotea. Ukifunga hadi f/5.6 kwenye mita mbili, kina kinafika sentimita 30 na zaidi, na kosa dogo la mkono linasameheka. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwa nawaambia waanze na f/4 au f/5.6, wazoee, kisha wafungue taratibu.

Namna ya kufunga upenyo inatofautiana kati ya lenzi zako mbili. Nikkor ikiwa kwenye adapta haina kitu cha kuushika upenyo wake wazi, kwa hiyo namba unayoweka ndiyo inayofanya kazi papo hapo. Fokasi kwanza pete ikiwa kwenye 1.4, wakati skrini ina mwanga mwingi na ukali unaonekana vizuri, kisha bila kuondoa jicho kwenye skrini hesabu vituo kwa vidole hadi unapotaka: 2, 2.8, 4, 5.6. Helios ina pete mbili. Moja ina vituo, na hiyo unaiweka mapema kwenye namba utakayopigia. Nyingine inateleza bila vituo, nayo unaifungua yote kwa ajili ya fokasi, halafu unaizungusha hadi igote, na ikigota imefika kwenye namba uliyochagua. Hiyo ya pili, kwa kuwa haina vituo, inafaa sana kwenye video, kwani unaweza kubadilisha mwanga katikati ya tukio bila mruko wala mlio.

Kuhusu mwanga wa picha, kamera itaonyesha upenyo kuwa 00, ikimaanisha haijui kuna lenzi gani, na usishtuke. Hali ya Av inafanya kazi: wewe unaweka upenyo kwenye lenzi, kamera inachagua kasi ya shata. Hata hivyo, kipimo kinachopitia kitazamioni huweza kupotoka unapofunga upenyo, kwa hiyo mimi nashauri hali ya M, ambapo unapanga kila kitu mwenyewe, pamoja na skrini, ukiangalia grafu ya mwanga baada ya picha ya kwanza. Kumbuka kwamba lenzi hizi hazina kitulizo cha mtikisiko, na 700D haina kitulizo ndani ya mwili wake, kwa hiyo usishuke chini ya 1/125 ya sekunde ukishika kwa mkono. Ukumbini usiku ni afadhali upandishe ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, kuliko kupata picha laini yenye mtikisiko, kwa sababu chembechembe za ISO mteja huzivumilia, lakini picha iliyotikisika huikataa.

Umeuliza kuhusu ubora kwa kazi ya kulipwa. Sensa yako ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, na Canon ya aina hiyo hukata picha kwa kipimo cha 1.6, hivyo milimita 50 itaona kama 80, na milimita 58 za Helios zitaona kama 93. Urefu huo unapendeza sana kwa sura za watu. Sensa hiyo inachukua sehemu ya katikati ya lenzi, ambayo ndiyo kali zaidi, na inaacha kingo ambazo kwenye lenzi za zamani huwa laini. Kwa upande wa Helios utapoteza kidogo kile kinachowafanya watu wengi waitafute, yaani majani na taa za nyuma kuonekana kama zinazunguka mhusika, kwa kuwa mzunguko huo una nguvu zaidi kingoni. Lenzi hiyo ya Kisovieti ilitokana na muundo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena, na mzunguko huo umetoka kwenye ukoo huo. Ili uupate hata kwenye sensa yako, msogeze mtu karibu nawe, umtenge na miti au majani yaliyo mita kadhaa nyuma yake, na ufungue hadi f/2.

Udhaifu wake utauona upesi jua likiwa mbele yako. Vioo vya zamani vina utando hafifu wa kuzuia mwako, na sensa yenyewe inang'aa kuliko filamu, kwa hiyo mwanga unapiga sensa, unarudi kwenye kioo cha nyuma cha lenzi, unarudi tena, na picha nzima inapauka. Nunua kinga ya jua kwa kila lenzi, hata ya mpira. Kwenye upenyo wa wazi utaona pia kingo za zambarau au kijani pale kitambaa cheupe kinapokutana na kivuli, na shela ya bibi harusi juani ni mahali pake hasa. Ukifunga hadi f/4, sehemu kubwa ya tatizo hilo hupotea.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, bibi harusi anapoingia ukumbini tumia lenzi yako ya kisasa, maana tukio hilo halirudiwi na mtu anayetembea hawezi kukusubiri uhesabu vituo. Picha za kukaa, za bibi na babu, za bwana harusi akifunga vifungo vya kanzu, za watoto waliotulizwa, hizo zipe Nikkor. Wateja wako wataona tofauti kwenye sura hizo, hata kama hawajui imetoka wapi.

Kabla hujalipia adapta yoyote, zikague lenzi zenyewe, kwa kuwa zimekaa pwani miaka mingi na unyevu wa pwani hauzihurumii. Ingia chumba chenye giza, fungua upenyo wote, mulika kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama mbele kwa pembe. Vumbi kidogo si kitu. Kuvu huonekana kama nyuzi nyeupe zinazotawanyika kutoka ukingoni mwa kioo, nao ukiachwa hula utando wa kioo na kuacha alama ambazo fundi hawezi kuziondoa. Ukizikuta, mpelekee fundi wa lenzi azifungue na kuzisafisha, wala usijaribu nyumbani kwa bisibisi ya simu. Mafuta kwenye mabawa ya upenyo, ambayo ni ya kawaida kwenye Helios, yasikutie hofu sana: kwa kuwa unaufunga upenyo kwa mkono, mabawa hayahitaji kwenda kasi. Baada ya hapo zihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika na kipimo kidogo cha unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Mkoba wa ngozi wa mjomba uweke kama kumbukumbu, lakini lenzi zisilale humo, kwani ngozi hutunza unyevu na kuvu huipenda.

Siku ukihamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi, hesabu ile ya kutoa itakupendelea zaidi. Canon za mfumo wa RF zina umbali wa milimita 20 na Sony za mfumo wa E zina 18, kwa hiyo FD itapata adapta ambayo ni bomba tupu la milimita 22 au 24, itaona mbali kama ilivyotengenezwa, na skrini itakupaka rangi kwenye kingo zenye ukali. Utahitaji tu kuiruhusu kamera, ndani ya menyu yake, ipige picha bila lenzi inayoitambua. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoiuza sasa kwa bei ya chuma.

Adapta za Nikkor na Helios zikifika, zijaribu siku hiyohiyo kabla muda wa kurudisha haujapita. Nenda ufukweni au juu ya ghorofa, lenga kitu kilicho mbali sana, kama meli iliyotia nanga nje ya bandari au mnara wa msikiti ng'ambo ya mji, kuza mara 10 kwenye skrini, na zungusha pete ya fokasi hadi mwisho kabisa. Ukali ukipatikana nywele moja kabla ya alama ya nane iliyolala, ile ya umbali usio na kikomo, adapta ni nyembamba kidogo na haina madhara. Ukifika mwisho wa pete na meli bado ina ukungu, adapta ni nene kupita kipimo. Irudishe, udai nyingine.